Madini Joto: Kwa Nini Mbuzi Mwenye Afya Anazaa Mtoto Asiye na Manyoya

Ndugu mfugaji, siku nyingine ukichinja mbuzi, kabla hujagawa nyama, fuata bomba la hewa kwa kidole kuanzia kwenye koromeo kushuka kidogo. Kulia na kushoto utakuta vipande viwili vyekundu vya rangi iliyoiva, vimeshikana na bomba, kila kimoja kirefu kama pingili ya kidole gumba. Wengi wetu tumevikata na kuwatupia mbwa bila hata kuuliza jina lake. Hiyo ndiyo tezi ya shingo, ambayo wataalamu huiita thairoidi. Ng'ombe anayo, kondoo anayo, mbwa aliyekula ile ya mbuzi anayo, na wewe unayesoma unayo mahali hapohapo.

Ninaiandikia kipeperushi kizima kwa sababu ya boma moja la kata yetu ya Soitsambu, na kwa sababu ya kosa langu mwenyewe.

Kilikuwa kiangazi kirefu. Vijana walikuwa mbali na ng'ombe, na nyumbani walibaki mbuzi wenye mimba pamoja na akina mama na watoto. Majani yalipokwisha, mama mmoja wa boma hilo alianza kununua majani ya kabichi ya watu wa bustani. Kila siku ya soko alirudi na magunia kwenye punda. Mbuzi wakala wiki baada ya wiki, na kweli miili ilishika. Ukiwaona ungesema hapa hakuna kiangazi. Ulipofika wakati wa kuzaa wakazaa watoto waliokufa, na wale waliozaliwa hai wengi hawakuvuka usiku wa kwanza.

Nilipigiwa simu, nikauliza kama mbuzi wanatupa mimba, nikajibiwa ndiyo. Nikaenda na dawa ya sindano, nikawachoma majike wote na kuondoka. Sikuomba kuonyeshwa hata mtoto mmoja. Vifo viliendelea, na maneno yakaanza. Wengine walisema beberu ana mkosi, wengine wakamgeukia yule mama, kwa kuwa mkono uliowalisha ulikuwa wake. Niliporudi mara ya tatu, bibi wa boma, koko mwenye macho makali kuliko yangu, alinifunulia mtoto wa mbuzi aliyekufa usiku ule. Ngozi ilikuwa tupu, nene na laini kama iliyolowekwa. Chini ya koromeo kulikuwa na uvimbe mkubwa kama yai la kuku. Koko akaniambia, "Huyu hakutupwa, mwanangu. Miezi yake imetimia." Nilikuwa nimetibu ugonjwa ambao haukuwepo.

Moto unaowaka ndani

Mbuzi mzima ana joto la nyuzi 39 hivi, mchana wa jua na usiku wa umande. Joto hilo halitoki juani. Linatoka kwenye majani aliyokula. Tumbo linayasaga na kuyavunja, damu inabeba chakula hicho hadi kwenye kila chembe ya mwili, na huko chakula kinachomwa kwa msaada wa hewa anayovuta. Sehemu ya nguvu inayopatikana inaendesha moyo, miguu, maziwa na kukua kwa mwili, na sehemu nyingine inabaki kuwa joto. Kazi hii yote ya kuchoma chakula na kujenga mwili ndiyo inayoitwa umetaboli.

Sasa kila moto unahitaji mtu wa kuuangalia, la sivyo utazimika au utaunguza kuni zote kabla ya asubuhi. Moto wa mwili unaangaliwa na tezi ya shingo. Tezi haichomi kitu, inatuma ujumbe. Ujumbe unaosafiri ndani ya damu kutoka tezi moja kwenda sehemu nyingine za mwili tunauita homoni. Ile kubwa ya tezi ya shingo inaitwa thairoksini, nayo ilitengwa mara ya kwanza mwaka 1914 na mkemia wa Marekani, Edward Kendall.

Thairoksini imeundwa kwa kitu kimoja ambacho mwili hauwezi kukitengeneza wenyewe, nacho ni iodini. Kila chembe ya homoni hiyo imebeba iodini nne. Hiyo ni akiba tu, haina nguvu nyingi. Ini na viungo vingine vinaondoa iodini moja, zinabaki tatu, na hiyo yenye tatu ndiyo inayofanya kazi hasa. (Kuiondoa ile moja kunahitaji madini mengine yanayoitwa seleniamu, ndiyo maana chumvi nzuri ya mifugo huwa na madini zaidi ya aina moja.) Homoni ikiingia ndani ya chembe ya mwili, inaiamuru iongeze vyombo vya kuchomea chakula. Moyo unapiga kwa nguvu zaidi, mafuta yanatumika, manyoya yanaota, mifupa inarefuka, ubongo wa kitoto unakomaa.

Msiichanganye na ule mshtuko wa mbuzi anaposikia simba. Hiyo ni homoni nyingine, inafika mara moja na kuondoka mara moja. Homoni ya tezi ya shingo ni ya polepole. Inabadilisha mwili kwa siku na wiki, kama mvua inavyobadilisha malisho.

Nani anaiamuru tezi

Chini ya ubongo iko tezi nyingine ndogo sana, ambayo kazi yake mojawapo ni kupima kiasi cha thairoksini kilichomo ndani ya damu. Ni kama mzee anayeangalia kibuyu cha maziwa. Kikipungua anaita, "Kamueni!" Kikijaa ananyamaza. Thairoksini ikishuka, tezi ya ubongoni inatuma amri, na tezi ya shingo inatengeneza nyingine. Ikipanda, amri inakoma. Hivyo moto unakaa katika kiasi chake, haupandi mno wala haushuki mno.

Sasa fikirini iodini haipo. Kibuyu kinapungua, mzee anaita. Tezi ya shingo inahangaika lakini haina cha kutengenezea. Mzee anazidi kuita, kutwa na usiku. Tezi inafanya kitu pekee inachoweza: inaongeza wafanyakazi, inakua. Ni sawa na kuongeza wakamuaji kwa ng'ombe asiye na maziwa. Wakamuaji wanajaa zizini, kibuyu kinabaki kitupu. Uvimbe ule wa shingoni ndio rovu, au goita kama wengine wanavyosema. Kwa hiyo tezi iliyovimba kwa njia hii, ingawa ni kubwa, ni tezi yenye njaa.

Katika Kiswahili iodini imepewa jina la madini joto, na mimi nalipenda jina hilo kuliko lile la kitaalamu. Mnyama aliyepungukiwa nayo moto wake umefifia.

Kiangazi na mvua ya kwanza

Mwili wenye akili haupeperushi moto wakati kuni hazipo. Mnyama akikaa na njaa siku nyingi, homoni ile yenye nguvu inashuka, na moto unapunguzwa makusudi ili akiba ya mafuta ifike mbali. Ndiyo maana ng'ombe wa kiangazi anatembea taratibu, manyoya yake hayang'ai, joto la uzazi halionekani. Huo si uvivu, ni ubahili wa mwili, na unamwokoa. Ng'ombe wetu wa asili wanautumia ubahili huo vizuri kuliko wale wa kigeni wa maziwa, ambao moto wao ni mkubwa hata wakiwa wamelala.

Lakini mnajua wote kinachotokea mvua ya kwanza ya baridi inapowakuta ng'ombe waliokonda. Wanalala usiku, asubuhi hawainuki. Wale wameingia kwenye baridi wakiwa hawana mafuta ya kuchoma na moto ulikuwa umeshapunguzwa. Hakuna sindano ya kuwasha moto huo kwa usiku mmoja. Linalosaidia ni kuwakinga na upepo na kuwapa chakula kidogokidogo, na dhaifu wawekwe peke yao kabla mawingu hayajafunga.

Mtoto aliye tumboni

Hapa ndipo upungufu wa madini joto unapoua, na mbuzi anaumia upesi kuliko kondoo au ng'ombe. Mbuzi anabeba mimba miezi 5. Kabla mimba haijafika nusu, mtoto tayari ana tezi yake mwenyewe na anahitaji iodini, na hana pa kuipata ila kwa mama. Mama akila pungufu, mtoto anakosa. Mama mwenyewe mara nyingi haonyeshi kitu chochote. Atakula, atanenepa, utamsifu. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 wafugaji wa Montana, Marekani, walipata nguruwe wengi waliozaa watoto wasio na manyoya, na majike wao walikuwa wazima kwa macho. Majike walipopewa iodini wakati wa mimba, watoto wakazaliwa na manyoya na nguvu.

Mtoto anapotoka tumboni mwa mama anaacha sehemu ya joto na kuangukia zizi la Loliondo saa tisa za usiku. Ana mafuta kidogo ya pekee mwilini kwa ajili ya kupasha mwili saa zile za kwanza, lakini mafuta hayo yanawaka vizuri pale homoni ya tezi ilipo. Asiye nayo anatetemeka kidogo, anapoa, hana nguvu ya kusimama anyonye. Ongeza na kukosa manyoya. Asubuhi unamkuta amekufa na unasema ni baridi. Baridi imemmaliza kweli, ila yeye alizaliwa bila moto.

Tazameni basi mtoto aliyekufa kabla ya kusema ni mimba iliyotupwa. Miezi imetimia au imepita? Manyoya yapo? Ngozi imekuwa nene? Kuna uvimbe chini ya koromeo, pande zote mbili? Kondo la nyuma limechelewa kutoka? Haya yakikutana, fikirini madini joto. Mimba ikitoka kabla ya wakati, mtoto akiwa na umbo la kawaida kwa umri wake, fikirini ugonjwa wa kutupa mimba au homa ya Bonde la Ufa, na magonjwa hayo yanampata binadamu. Kwa sababu hiyo, katika hali zote mbili, msimshike kwa mikono mitupu. Vaeni glovu au mifuko ya plastiki isiyotoboka, na mbwa wasisogee.

Si kila uvimbe ni rovu. Uvimbe wa maji chini ya taya, unaobonyea ukiuminya, kwa mnyama mwenye macho meupe ndani ya kope, mara nyingi ni minyoo. Uvimbe wa upande mmoja uliokauka na kujaa usaha mzito ni jipu. Na kuna unaowatisha watu bure: mtoto wa mbuzi wa wiki chache, mnene, anayeruka na kunyonya vizuri, anaweza kuwa na uvimbe laini shingoni. Hiyo ni tezi nyingine ya utoto, huonekana zaidi kwa watoto wanaopata maziwa mengi, na hupungua yenyewe akikua. Msiichome moto wala kuipasua. Nimeshawahi kukuta amepasuliwa.

Kabichi ilifanya nini

Yule mama alitenda kwa upendo, na kabichi si sumu. Lakini kabichi, sukuma wiki na jamaa zao zina vitu vinavyoizuia tezi isitumie iodini vizuri. Jani moja moja halina neno. Mbuzi mwenye mimba anayekula kabichi kila siku, kama chakula chake kikuu, kwa wiki nyingi, anafungiwa mlango. Baadhi ya vitu hivyo vinashindwa ukiongeza iodini. Vingine vinazuia tezi isiunde homoni hata iodini ikiwepo, kwa hiyo kumimina chumvi tu juu ya kabichi hakutoshi. Punguzeni kabichi yenyewe, mchanganye na nyasi kavu, majani ya miti, au maganda ya migunga, na majike wenye mimba msiwape kila siku. Mti wa lusina unaopandwa kwa ajili ya malisho nao ukitawala chakula unaweza kuvimbisha tezi na kunyonyoa manyoya. Uwe sehemu ndogo ya chakula.

Nilipouliza habari za chumvi, mama alinionyesha chumvi ya mawe aliyopimiwa sokoni kwa kopo, haina pakiti wala maandishi. Mbuzi walikuwa wakilamba hiyohiyo iliyokuwa ikitiwa kwenye chungu cha watu.

Chumvi, magadi na jikoni kwetu

Watu wetu wanajua chumvi. Mifugo inapelekwa kwenye udongo wa chumvi, na magadi ya Natron yanajulikana tangu zama za mababu. Endeleeni, mnyama anahitaji chumvi. Lakini magadi ni sodiamu, msiyategemee kwa madini joto. Hata chumvi ya baharini haitoshi kama haijaongezwa kitu. Pemba imezungukwa na bahari, na bado rovu ilikutwa kwa wingi huko, kwa kuwa chumvi iliyokuwa ikitumika haikuwa imetiwa madini joto ya kutosha. Katika nchi yetu, tangu katikati ya miaka ya 1990, kanuni zinataka chumvi ya kula iwekwe madini joto, kwa sababu watu wengi wa nyanda za juu walikuwa na rovu na watoto walizaliwa na akili zilizodumaa.

Kiasi kinachotakiwa ni kidogo ajabu. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, na mwenye mimba 250. Gramu moja ya iodini ingewatosha watu wazima zaidi ya 6,000 kwa siku moja. Iodini ya maisha yako yote haijazi kijiko cha chai. Ila mwili hauweki akiba kubwa, lazima ije kidogokidogo mwaka mzima.

Akina yeyo, nunueni chumvi ya pakiti iliyoandikwa kwamba ina madini joto. Ihifadhini kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na moshi, jua na unyevu, maana madini joto hupotea. Itieni mboga ikikaribia kuiva, si mwanzoni. Kwenye kliniki, pale penye kipimo, tone moja la dawa likidondoshwa juu ya chumvi yenye madini joto hugeuka rangi ya zambarau.

Jambo hili linagusa boma letu kuliko la mkulima, kwa sababu sisi tunakunywa maziwa. Iodini aliyoilamba ng'ombe inapita kwenye maziwa yake na kumfikia mtoto. Ng'ombe asiyeipata anatoa maziwa yasiyo nayo. Siku ile niligundua kwamba yule mama naye alikuwa mjamzito, na alikuwa akila chumvi ileile ya kopo. Sikusubiri habari za mbuzi ziishe; nilimwomba mume wake ampeleke kliniki. Mtoto wa binadamu anayekosa madini joto tumboni hadhuriki manyoya, anadhurika ubongo, na huo haurudishwi kwa chumvi ya baadaye. Mtu yeyote mwenye uvimbe shingoni, au anayekonda huku anakula vizuri, moyo unamwenda mbio na mikono inatetemeka (huyo pengine moto wake umezidi), aende hospitali. Mimi ni wa mifugo.

La kufanya kabla ya msimu wa kuzaa

Tafuteni jiwe la kulamba au chumvi ya mifugo ambayo maandishi yake yanataja iodini. Si yote inayo, someni au mwambieni mtoto wa shule awasomee. Iwekeni chini ya kivuli mahali pakavu tangu majike wanaposhika mimba, msingoje mwezi wa mwisho. Kama jiwe halipatikani, chumvi ya pakiti ya nyumbani ni bora kuliko ya kopo. Mifugo ambayo haijaona chumvi muda mrefu ianze na kidogo, na maji yawe tele, kwani chumvi nyingi bila maji inaua.

Ile iodini ya kupaka vidonda msiwanyweshe mbuzi. Madini joto yakizidi sana nayo yanaharibu tezi, na uvimbe unaweza kuja uleule uliokuwa ukiukimbia. Ipo dawa ya iodini ya kunyweshwa mbuzi mwenye mimba, lakini kipimo chake kinahesabiwa kwa uzito, niiteni.

Mtoto akizaliwa dhaifu, mkaushe, mfunge kwenye shuka, mweke karibu na moto jikoni au kifuani mwa mtu. Akiwa amepoa kabisa na hawezi kunyonya, msimmiminie maziwa mdomoni, yataingia kwenye mapafu. Apate joto kwanza, ulimi wake ukivuta kidole chako ndipo akamuliwe maziwa ya kwanza ya mama yake, ndani ya saa chache.

Katika boma lile tuliacha kabichi na kuweka chumvi yenye madini joto siku hiyohiyo. Mbuzi waliokuwa karibu kuzaa hatukuwaokolea watoto, muda ulikuwa umepita. Wale waliozaa miezi miwili baadaye walileta watoto wenye manyoya. Wawili walikuwa na uvimbe mdogo shingoni, wakapona. Beberu hakuuzwa. Ninaye koko wa kumshukuru, na ninaomba koko wengine mfanye kama yeye: mkipata mtoto wa namna hiyo msimtupe kabla sijamwona. Mfungeni kwenye mfuko, mwekeni mahali pa baridi mbali na mbwa, mnipigie simu asubuhi, au mniletee joshoni siku ya kuogesha.